Pengwini Kasoro Mmoja

Kama mmewahi kusikia hapa Dubai habari ya mwanamke aliyesababisha waheshimiwa wapekuliwe mikoba kwa ajili ya pengwini ambaye hakuwa amepotea, msisumbuke kumtafuta, ni mimi. Naitwa Wairimu, kwetu ni Nyahururu, na siku hizi nikijiunga na foleni ya basi la kampuni pale kambini Al Quoz lazima mtu mmoja aulize, “Haya, tuko wangapi leo, ama Wairimu atuhesabu tutoke kasoro mmoja?” nami nacheka pamoja nao, maana usipocheka utachekwa peke yako. Lakini leo nataka niisimulie yote, hata kile kipande kisichochekesha, na mnivumilie kwa sababu hicho ndicho kirefu.

Nilikuja huku kuwa askari wa mlangoni kama dada zangu wengi wa Kenya, koti jeusi na tai na kusimama mpaka miguu isahau ni ya nani, nikapangiwa jengo moja la maduka ambalo ndani yake kuna chumba kikubwa cha barafu kinachofugiwa pengwini, wale ndege wasioruka, weusi mgongoni na weupe kifuani. Nje jua linakaanga lami, ndani ndege wanateleza kwenye barafu, ndiyo Dubai hiyo. Siku moja msaidizi wa pale ndani akarudi kwao kabisa, na Madam Huda, ambaye ndiye mkuu wa chumba kile, akaja kutuuliza askari ni nani asiyeogopa baridi, wenzangu wote wakaangalia viatu vyao, nami niliyekwenda shule ya msingi nikikanyaga umande ulioganda nikainua mkono. Hivyo ndivyo nilivyoacha mlango nikaingia kwenye ndoo za samaki, na nawaambia kweli, sikujua kwamba mtu anaweza kupenda kazi hadi niliposimama katikati ya wale ndege.

Sasa, kazi ya kwanza ya asubuhi na ya mwisho ya jioni ilikuwa kuwahesabu. Hawa si kuku wa kufugwa tu, ni ndege walio hatarini, kwao ni visiwa vya mbali kule kusini ya dunia, na huko wanazidi kupungua kwa sababu samaki wao wanavuliwa na meli zinawamwagia mafuta, kwa hiyo hata hawa wetu wa ndani ya vioo kila mmoja wao ana thamani kubwa. Walikuwa thelathini na mmoja. (Mnaona nimeitaja bila kusita. Siku zile nisingeweza.) Idadi ilitajwa kwenye redio koli, chumba cha ulinzi wakaipokea, na sheria ilikuwa kwamba ikipungua hata mmoja, milango yote inafungwa na hatoki mtu mpaka ndege apatikane.

Na hapo ndipo penye shida yangu. Kwetu kiumbe hai hahesabiwi, si mtoto wala mbuzi, na shosho wangu, yaani nyanya yangu aliyenilea, alikuwa anasimama kwenye lango la zizi jioni akiwaita mbuzi kwa majina wakipita, Karembo, Mzungu, Mweusi wa Nyuma, na asipopita mmoja anajua ni nani na anajua atamkuta kwenye mahindi ya jirani, lakini ukimuuliza ana mbuzi wangapi anakuuliza wewe ni mganga au ni mwizi. Mtu akilazimishwa kabisa kuhesabu, basi anamwacha mmoja nje ya hesabu, makusudi, ili mkosi ukija usiwakute wote. Mtacheka. Hata mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilikuwa nacheka, mpaka siku karani wa sensa alipokuja kwetu shosho akiwa shambani na mama akiwa sokoni, akaniuliza tuko watoto wangapi, nami kwa kujivuna nikawapanga wadogo zangu mbele ya mlango nikamhesabia kwa kidole, mmoja mmoja. Kabla mvua hazijaanza mdogo wangu Kamau akachukuliwa na homa ya mapafu. Siku ya maziko shosho aliniuliza swali moja tu, “Yule karani ulimhesabia?” Nikasema ndiyo. Hakunijibu kitu na hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, na mimi tangu siku hiyo kidole changu kilikuwa hakijapita tena juu ya kichwa cha kitu kinachopumua.

Kwa hiyo na pengwini nikafanya kama shosho. Kila mmoja alikuwa na ukanda wa rangi kwenye bawa, nami nikampa kila mmoja jina langu mwenyewe la siri, Chifu, Mama Harusi, Karani (yule anayezungukazunguka bila kazi), Fundi, Mwalimu, na kila asubuhi nilikuwa nawapitia kwa majina hadi nimalize. Mwenzangu pale ndani alikuwa Hamadi, kijana wa Tanga aliyetoka kwenye saiti za ujenzi, mtu mpole sana, anayeniita dada Wairimu na kunisahihisha Kiswahili changu kila siku kama aliletwa Uarabuni kwa kazi hiyo. Nikimaliza kuwaita namwonyesha ngumi iliyofungwa, maana yake wote wapo, naye anahesabu zake na kuitaja namba kwenye redio. Tulienda hivyo muda mrefu, na hesabu yangu haikuwahi kukosea hata siku moja, hadi Hamadi akawa anasema, “Dada, ukisema wapo hata sihangaiki kuwatazama.” Wekeni hilo neno akilini.

Basi akaja Daktari Marta. Huyu ni mama wa makamo, mfupi, uso umeungua kwa upepo, goti moja bovu, na kazi yake ni kuhesabu pengwini kwenye visiwa vyenyewe huko kusini, kisiwa kwa kisiwa, kiota kwa kiota, na kuwatafutia walinzi. Alikuja kutembelea chumba chetu na kusema na wageni, na siku aliyofika alitwambia sisi wawili, tukiwa na magamba ya samaki hadi kwenye viwiko, kwamba msimu wa kutaga unaokuja anataka kuchukua mtu mmoja kutoka hapa aende naye kisiwani kuhesabu, na Madam Huda ameshakubali kumpa ruhusa.

Sijui niwaeleze vipi nilivyokitaka kisiwa kile. Nilikuwa nimezoea kulala nikiwaza jinsi hawa ndege wanavyokaa kwao, penye upepo wa kweli na maji yasiyotoka kwenye bomba, na mara nyingi nikimwangalia Chifu amesimama mbele ya ukuta uliochorwa bahari nilikuwa namwonea huruma na kujionea huruma pia, maana mimi na yeye wote tulikuwa tunaangalia kwetu kwenye picha. Nilimfuata Daktari kila mahali wiki ile kama kifaranga. Alinipenda, naye hakuficha. Alinikuta nikimtofautisha Fundi na ndugu yake bila kuangalia ukanda, akaniambia, “Wewe una jicho. Hilo halifundishwi.”

Siku mbili kabla ya hafla iliyoandaliwa kwa ajili yake Madam Huda akatuita ofisini kwake. Wageni wakubwa watakuja, na watoto wa shule, na Daktari ataeleza jinsi hesabu inavyofanywa visiwani, halafu mmoja wetu atahesabu pengwini wetu mbele ya watu, kwa kidole na kwa sauti, na kipaza sauti kwenye kola, ili watoto wahesabu pamoja naye. “Wairimu ndiye atakayehesabu,” akasema Madam, na Daktari akanitazama akitabasamu, nami nikaelewa kwamba hiyo ndiyo safari yenyewe inapimwa.

Tulipotoka Hamadi akanivuta pembeni karibu na mashine ya barafu.

“Dada, mwambie Madam ukweli. Mwambie kwenu mna mwiko huo, mimi nitahesabu, wewe utaeleza majina. Hakuna aibu, kila watu na yao.”

“Nimwambie daktari wa kuhesabu ndege kwamba siwezi kuhesabu ndege?”

“Unaweza, ila kwa namna yako. Atakuelewa yule.”

“Wachana na hiyo, Hamadi. Nitahesabu tu. Ni namba, si uchawi.”

“Haya. Mungu akusaidie,” akasema, akaenda zake na ndoo.

Huo ndio uamuzi wangu mdogo, hapo, kando ya mashine ya barafu. Ningesema sentensi moja ofisini kwa Madam, leo msingekuwa na la kunitania.

Siku ya hafla chumba kilijaa. Wageni walivalishwa makoti ya kuazima yale mekundu, wakasimama kwenye jukwaa ndani kabisa ya baridi, kuna mabalozi wa sijui wapi, kuna mzee mmoja wa hapa, kanzu nyeupe na makubadhi ya ngozi bila soksi (nani aje kwenye barafu bila soksi), kuna mabibi wenye mikoba mikubwa, na mbele kabisa watoto wa shule na mabegi yao mgongoni. Hamadi alikuwa chumba cha nyuma akitayarisha samaki, akitusikiliza kwenye spika. Daktari akaeleza habari za visiwa. Akasema watu wawili wanahesabu kila mmoja peke yake na wasipolingana wanahesabu upya, na kwamba wanatembea polepole sana, kwa sababu ndege akishtuka akaacha kiota, kuna ndege mwizi wa mayai anayezunguka juu, naye hangoji. Halafu akanipungia mkono.

Nikaanza. Nilipoinua kidole kilikuwa kizito, lakini watoto walishaanza kunipokea, “Mmoja! Wawili!” kwa Kiingereza chao, basi sauti zao zikanibeba, nikawa naenda, Chifu, Mama Harusi, Karani, Fundi, kwa moyo nasema majina na kwa mdomo nasema namba, jasho linanitoka ndani ya koti kwenye barafu. Na nilipokaribia mwisho nikamwona Mwalimu. Mwalimu alikuwa nyuma ya mawe kwenye kona ya viota, amelalia yai, yai la kwanza kupatikana mle ndani kwa miaka mingi, Daktari mwenyewe alikuwa amepiga magoti kulitazama na lile goti lake bovu. Wageni hawakuweza kumwona kutoka pale walipo. Nikamwona amejikunja juu ya yai lake, na kidole kikakataa. Nikasema moyoni, huyu mwenye mtoto, huyu hapana, huyu mkosi usimwone. Nikashusha mkono.

“Thelathini,” nikasema kwenye kipaza sauti.

Watu wakapiga makofi. Namba yenyewe ilisikika imekamilika, si mnajua thelathini ilivyo, haina mkia. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu, nikijiambia nimepita, nitamweleza Hamadi baadaye, nikasahau kabisa kwamba Hamadi ananisikia.

Na Hamadi, ambaye hajawahi kunikuta nimekosea, hakufikiri hata kidogo kwamba nimekosea. Alifikiri mmoja hayupo. Akachukua redio koli yake kule nyuma akaita ulinzi akasema pengwini mmoja hayupo, na ulinzi wakafanya wanachotakiwa kufanya, nikasikia milango inajifunga, mmoja baada ya mwingine, ule wa mwisho ukiwa nyuma ya wageni.

Nisikilizeni vizuri hapa. Nilijua. Tangu mlango wa kwanza nilijua ni nini kimetokea na nini cha kusema, maneno matatu tu, na kipaza sauti kilikuwa kwenye kola yangu, kimewashwa. Lakini Daktari alikuwa amenigeukia, uso wake umebadilika, akaniuliza kwa upole, “Una uhakika?” na mimi niliyekuwa nataka kile kisiwa kuliko kitu chochote nikaona kwamba nikisema sina uhakika nimeshindwa, na nikisema nilimwacha mmoja makusudi nimeshindwa zaidi, basi nikaitikia kwa kichwa kwamba ninao uhakika. Nilidhani Hamadi atahesabu mara moja, atawaona wote, atasema ni makosa yake ya kusikia, khalas, yaishe. Ndiyo, nilikuwa tayari yawe makosa ya Hamadi.

Wakaja askari wanne, na mmoja wao alikuwa mwenzangu wa zamani wa mlangoni, Mnepali mmoja anayefuata sheria hadi kwenye kunywa maji. Wakaomba radhi kwa heshima zote, sir, madam, samahani sana, wakaanza kufungua mikoba. Mabibi wakatoa vipodozi na dawa na soksi za watoto mbele ya mabalozi. Begi la msichana mmoja mdogo lilipofunguliwa kikachomoza kichwa cheusi na kifua cheupe, askari akakivuta nje, ni mwanasesere wa pengwini, bawa la kitambaa limetoboka, na msichana akaanza kulia akidhani atafungwa. Mwalimu wake wa shule akamkumbatia huku akinitazama mimi. Mzee wa makubadhi akakunja vidole vya miguu kwa baridi, hakulalamika, akasema tu kwa Kiarabu, “Mwenyezi Mungu atamrudisha,” na watu wawili watatu wakaitikia inshallah, yaani walikuwa wananiombea pengwini wangu. Mimi nikasimama pale. Ulimi ulikuwa kinywani mwangu, mzima, na nikanyamaza.

Wakati huo Hamadi alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma akimtafuta aliyepotea. Alikuja akikimbia, na hilo ni kosa kwenye chumba kile, lakini mtu mwenye hofu ya kazi yake hatembei. Ndege wote walikuwa wameshashtuka kwa milango na kelele, wakawa wanakimbia kundi moja huku na huku, na ndege wakikimbia hawahesabiki, kila akihesabu anapata namba nyingine. Akafika kwenye kona ya viota akamulika tochi nyuma ya mawe. Nikamwona Mwalimu anasimama. Nikasema kwa sauti, “Hamadi, acha,” kwa Kiswahili, na kipaza sauti kikalipeleka kila mahali, lakini kundi lilikuwa limeshageuka na lilipita pale pale kwenye kona, wote kwa pamoja, wakiruka mawe, Mwalimu akasukumwa mbele, na walipomaliza kupita Hamadi akachutama, akatazama chini, halafu hakuinuka.

Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa mgongo wake.

Ndipo nikasema. Nikasema kwa Kiingereza changu cha mlangoni, wote wapo, ni thelathini na mmoja, mmoja sikumhesabu. Madam Huda akauliza kwa nini, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu ambaye kweli haelewi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza sikuweza kusimama, nikaeleza habari za shosho na mbuzi na karani na Kamau, yote, mbele ya mabalozi na watoto, kipaza sauti kikinitangaza hadi kule nje kwenye vioo ambako wanunuzi wa kawaida walikuwa wamesimama na mifuko yao wakisikiliza. Mvulana mmoja akacheka, si kwa ubaya, alisikia jina Mweusi wa Nyuma. Milango ikafunguliwa na wageni wakatoka, wakirudisha makoti mekundu moja moja, na kila aliyerudisha koti alinipita mimi, kwa sababu kazi ya kupokea makoti ilikuwa yangu.

Mlitaka aibu, aibu ndiyo hiyo. Kupokea makoti.

Watu walipokwisha nilimkuta Hamadi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, maganda ya yai yamefunikwa kwa kitambaa safi, Mwalimu amerudi kusimama palepale pa kiota akiangalia chini. Nilikaa sakafuni karibu na Hamadi.

“Nisamehe,” nikamwambia.

“Nilidhani kapotea, dada. Wewe hukosei.”

“Najua.”

“Ungesema tu. Hata kwa Kiswahili, hapo hapo, ungesema Hamadi nimemwacha mmoja, wallahi ningewaambia ulinzi nimesikia vibaya, ningebeba mimi.”

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaamua abebe. Mpaka leo sijamwambia, na kama atasikia simulizi hii basi atalisikia humu.

Jioni Daktari Marta akaniita kwenye kantini ya wafanyakazi. Alikuwa ameniwekea chai, imeshapoa. Nilidhani atanicheka au atanihubiria, maana wasomi wakikutana na mila zetu huwa na mawili hayo, lakini aliniuliza kwanza habari za Kamau, alikuwa na umri gani, alipenda nini, akanisikiliza. Kisha akasema, “Nimeona visiwa ambavyo hakuna aliyewahi kuwahesabu ndege wake. Wamekwisha, na hakuna hata anayejua kwamba walikuwepo. Ndege asiyehesabiwa hana mtu wa kumlilia.”

Nikasema naelewa.

“Uliogopa kuhesabu, hilo nalielewa. Wapo watu kwenye timu yangu wanaoogopa mashua, wanaoogopa upepo, wanasema na tunapanga kazi kwa namna nyingine. Lakini nilikuuliza kama una uhakika.” Akasukuma kikombe chake pembeni. “Kule kisiwani tutakuwa mbali na kila mtu. Nikiuliza, lazima jibu liwe kweli. Siwezi kukuchukua, Wairimu.”

Sikulia mbele yake. Nililia kwenye basi, kiti cha nyuma, na mwanamke wa Uganda niliyekuwa simjui akanipa karatasi za kupangusia bila kuniuliza kitu.

Akamchagua Hamadi. Alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama kama mtu aliyekuja kudaiwa, akasema, “Dada, ukisema nikatae nitakataa.” Moyoni nilitaka akatae. Nitawaficha nini, nilitaka akatae, nilitaka aseme mtu anayestahili kwenda ni Wairimu au hakuna, nilitaka hata apate homa. Mdomoni nikamwambia aende, nikamnunulia soksi nzito, nikamfundisha kutofautisha uso wa pengwini bila kuangalia bawa, kila siku kidogo kidogo, hadi akaweza. Madam Huda hakunifukuza kazi. Alinikata mshahara na kunionya, na alipomaliza kunionya akaniambia kwamba Hamadi akiondoka nitakuwa peke yangu kwenye zamu kwa muda, na hesabu itatajwa na mimi.

Asubuhi ya kwanza bila Hamadi nilisimama mbele yao na redio koli mkononi. Niliwaita kwa majina kwanza, kwa sababu siwezi kuacha, halafu nikarudi mwanzo nikainua kidole na kuanza upya kwa namba, kwa sauti, Chifu mmoja, Mama Harusi wawili, nikaenda hadi kwenye kona ya viota ambako Mwalimu amesimama, na hapo nikakaa kidogo. Nikamhesabu. Nikabonyeza redio nikasema thelathini na mmoja, na sauti ikanikatika kwenye ule mmoja, ulinzi wakasema hawajasikia vizuri, nirudie. Nikarudia.

Basi kiapo changu ni hiki, na sikiapi kwa sababu nimekuwa mwerevu, naapa kwa sababu nimelipa: sitataja tena idadi nisiyoiamini, na watu wakiwa wanatafuta kitu ambacho mimi najua hakijapotea, sitanyamaza, hata kama kusema kutaninyima kisiwa. Mila ya shosho siitukani. Alikuwa analinda alichokuwa nacho kwa njia aliyoijua, na mbuzi wake hawakuwahi kupotea. Mimi niliyeichukua mila yake nikaitumia kujificha ndimi wa kulaumiwa.

Hamadi hutuma ujumbe wa sauti mashua ikifika mahali penye mtandao. Upepo ni mwingi mno, anachosema kinasikika nusu nusu, lakini nyuma yake wanasikika ndege, maelfu kwa maelfu, wanalia wote kwa pamoja, na huwa namaliza kumsikiliza yeye kisha narudia ujumbe kwa ajili yao.

Na kila siku nikishataja namba kwenye redio, wakati wa mapumziko ya mchana, natoka nje kwenye joto napiga simu nyumbani, nasema na mama, namuuliza fulani yuko, na fulani, na yule mdogo, mpaka niwamalize. Mama anasema wote wazima. Juzi akaniuliza mbona siku hizi nawaulizia kila siku, kwani kuna nini huko. Nikamwambia hakuna kitu, mama, naulizia tu.